Mwongozo kamili: Kutoka baridi ya Stockholm hadi fukwe za Unguja bila kuharibikiwa

Yale yale hurudi kila msimu. Familia inakata tiketi kwa sababu bei imeshuka, inafika Paje wiki ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na saa nne asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea wakati bahari imekwenda zake, imebaki mchanga na mashamba ya mwani. Au baba anazuiwa kwenye kaunta siku ya kurudi kwa kuwa kadi yake ya ukaazi iliisha juzi. Au mtoto aliyezaliwa Sweden anaumwa malaria wiki moja baada ya kurudi shuleni, na nyumbani hakuna aliyeifikiria.

Makosa haya yana chanzo kimoja: tiketi hununuliwa kwanza, maswali huulizwa baadaye. Hapa tiketi ni hatua ya tatu.

Mwongozo umeandikwa kwa Waswahili wanaoishi Stockholm na familia zao, pamoja na wenza wasiojua kisiwa. Aliye Oslo, Helsinki au Berlin abadilishe kalenda ya shule, mengine yanamfaa.

## Viwe mezani kabla hujafungua tovuti ya ndege

- Pasipoti za wote. Kila moja iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku ya kuingia, na kurasa tupu.
- Kadi za ukaazi za Sweden kwa wasio na uraia wa Ulaya. Soma tarehe ya mwisho kwa macho yako, usiitegemee kumbukumbu.
- Kalenda ya shule ya watoto.
- Kalenda ya Kiislamu, hata kama wewe si Mwislamu. Sababu iko hatua ya 1.
- Kadi za chanjo.
- Mkataba wa bima ya nyumba yako, sehemu ya safari.
- Kadi mbili za benki za akaunti tofauti.
- Barua ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi anayebaki, ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja.

## Hatua ya 1: Tafuta tarehe kwa kalenda tatu

Hapa ndipo likizo inapofaulu au kufeli, kwa hiyo kaa nayo jioni nzima.

Kalenda ya shule. Mkuu wa shule anaweza kumpa mwanafunzi ruhusa ya hadi siku 10 kwa mwaka wa masomo. Anaweza, si haki yako. Omba kwa maandishi na usubiri jibu kabla ya kulipia chochote. Siku 5 za ruhusa zikiunganishwa na likizo ya wiki moja, unapata siku 16 ukihesabu mwisho wa wiki zote. Chini ya siku 10 kisiwani safari hailipi: siku mbili zinaliwa na ndege, na ya tatu watoto wanalala.

Kalenda ya pepo na mvua. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi: joto kali, jua, bahari ya vuguvugu. Masika hushika kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Kusi huleta ubaridi mzuri na ukavu kuanzia Juni hadi Septemba. Vuli huja Oktoba au Novemba hadi Desemba, mara nyingi manyunyu ya saa mbili tatu kisha jua. Anayekimbia giza la Stockholm alenge Januari na Februari. Aprili na Mei nyumba za wageni hushusha bei, na hoteli nyingine hufunga kabisa. Punguzo hilo lina sababu yake.

Kalenda ya mwezi. Hii ndiyo wageni wengi hawaitazami. Pwani ya mashariki ya Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4 wakati wa bamvua, na kwa kuwa pwani ni bapa, maji huondoka umbali mrefu, mahali pengine kilomita nzima. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, bahari inabaki karibu.

Bamvua hufuata mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu ni jedwali la maji lililokwisha kuandikwa: karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi ni bamvua, karibu na 8 hadi 10 na 23 hadi 25 ni maji mafu. Wavuvi wa Jambiani hawahitaji programu ya simu kwa jambo hili.

Saa nazo zina mpangilio wake. Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa.

Sasa ziweke kalenda tatu pamoja. Mfano: likizo ya majira ya baridi ya Stockholm, ile wanayoiita sportlov, huwa wiki ya 9. Mwaka 2027 hiyo ni tarehe 1 hadi 7 Machi. Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, kutegemea mwandamo, kwa hiyo likizo inaangukia kumi la mwisho na Idi inakuja siku mbili tatu baada ya watoto kurudi darasani. Mchana mikahawa ya mjini mingi itafungwa, na kula hadharani ni utovu wa adabu. Kwa upande wa maji, wiki inaanza na maji mafu na kumalizika ikielekea bamvua.

Je, ni wiki mbaya? Inategemea unaenda kwa nani. Mwenye wazazi Michenzani ataomba ruhusa ya siku 5 zaidi na kula Idi nyumbani, na hakuna hoteli inayoshindana na hilo. Mwenye mchumba Msweden anayetaka kahawa na keki kando ya barabara saa saba mchana, atafute tarehe nyingine.

Hatua imekamilika ukiwa na karatasi yenye tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na mstari unaosema siku zipi ni bamvua.

## Hatua ya 2: Chagua ufukwe kulingana na maji

Kama tarehe zako zimeangukia bamvua na una watoto wanaotaka kuogelea mchana kutwa, nenda Nungwi au Kendwa. Huko kaskazini bahari ina kina karibu na ufukwe, na maji kupwa hayakuondolei kuogelea.

Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe ni za anayependa kutembea juu ya mchanga maji yakiwa yametoka, au anayecheza kishada cha baharini, ambacho Paje inajulikana kwacho wakati wa kaskazi na wa kusi. Huko bamvua si tatizo ukijua ratiba: asubuhi matembezi, jioni kuogelea. Vaeni viatu vya mpira. Kwenye miamba kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Na msikanyage kamba za mwani. Ni shamba la mtu.

Mji Mkongwe upangie usiku mbili, na uziweke mwisho wa safari. Mji uko kilomita chache tu kutoka uwanja wa ndege, wakati Nungwi ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Gari likipasuka tairi Kinyasini saa mbili kabla ya ndege, hakuna wa kukuokoa.

Kabla ya kulipia chumba, uliza maswali matatu kwa maandishi: Bei imejumuisha kodi ya miundombinu ya kila usiku? Kuna jenereta au betri umeme ukikatika, na inaendesha kiyoyozi au taa peke yake? Chandarua kipo kwa kila kitanda, pamoja na cha mtoto? Asiyejibu la tatu, mwache.

## Hatua ya 3: Sasa nunua tiketi

Kutoka Arlanda njia za kawaida ni kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Angalia mambo manne.

Nambari moja ya booking. Tiketi mbili tofauti zinaonekana rahisi, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na haina deni nawe. Tiketi ikiwa moja, kampuni ndiyo inayokutafutia ndege nyingine. Tena ukiondokea uwanja wa Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inakupa haki ya chakula na malazi ndege ikikwama.

Muda wa kusubiri Addis Ababa au Nairobi. Tanzania hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na pia kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Ethiopia na Kenya zimo. Ile tiketi ya bei nafuu yenye kusubiri saa 14 inaweza kukugharimu chanjo ya kila mmoja wenu. Doha na Istanbul hazina shida hiyo.

Kadi ya ukaazi. Lazima iwe hai siku unayopanda ndege ya kurudi. Kupeleka ombi la kuongezewa hakutoshi. Ukiwa nje bila kadi hai utaanza kushughulika na ubalozi Dar es Salaam, na hiyo si kazi ya siku mbili. Hata mwenye ukaazi wa kudumu aangalie: ukaazi ni wa kudumu, kadi si ya kudumu.

Kupitia Dar es Salaam. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja huchukua takriban saa mbili, na ni safari nzuri. Lakini kwenye kurudi, vuka siku moja kabla ya ndege. Bahari ikichafuka, boti huchelewa au haitoki.

Majina kwenye tiketi yawe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Aliyeolewa na kuongeza jina la pili, atumie lile lililopo kwenye pasipoti anayosafiri nayo.

## Hatua ya 4: Viza na bima ya Zanzibar

Anza wiki 4 kabla; chanjo za hatua ya 5 zitangulie, wiki 6 kabla. Viza huombwa kwenye visa.immigration.go.tz. Tovuti za mawakala zimejaa kwenye matokeo ya utafutaji, zina bendera na nembo, na hutoza zaidi. Kipimo ni rahisi: anuani isipoishia .go.tz, funga ukurasa.

Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50, na ni hiyo hiyo kwa Bara na Visiwani. Wenye pasipoti za Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji. Mtanzania aliyechukua uraia wa Sweden anahitaji, kwa sababu sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Jambo hili huuma, lakini kaunta ya uhamiaji si mahali pa kulijadili.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mtu mzima hulipa dola 44, mtoto wa miaka 3 hadi 17 nusu yake, na hudumu hadi siku 92. Bima uliyonunua Sweden haichukui nafasi yake. Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania hahusiki.

Familia ya watu wanne wenye pasipoti za Sweden, watoto wa miaka 6 na 9: viza dola 200, bima dola 132. Jumla 332. Ziweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bima ya nyumba ya Sweden kwa kawaida hubeba safari kwa siku 45 za mwanzo, ugonjwa na kurudishwa nyumbani vikiwemo. Andika namba yao ya dharura kwenye karatasi. Simu hupotea, na mara nyingi hupotea siku ile ile mtu anapovunjika mguu.

Chapisha viza na bima, nakala mbili. Usitegemee intaneti ya uwanja wa ndege.

## Hatua ya 5: Chanjo na malaria, wiki 6 kabla

Nenda kituo cha chanjo na kadi zenu. Uliza kuhusu homa ya ini aina ya A, pepopunda na homa ya matumbo. Kama mnahitaji ya homa ya manjano, cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na kikishaanza ni cha maisha.

Sasa malaria, na hapa wenyeji ndio wabishi kuliko wageni. Unguja imepunguza malaria sana, lakini haijaisha. Aliyekulia Tanga au Bujumbura alikuwa na kinga ya sehemu kwa kuumwa mara kwa mara. Kinga hiyo hupungua akiishi nje miaka kadhaa. Mtoto aliyezaliwa Sweden hana hata chembe. Wengi wanaopatikana na malaria Ulaya si watalii wa hoteli, ni watu waliokwenda kuwasalimia ndugu, wakalala bila chandarua kwa kuwa "mimi mtoto wa hapa".

Zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga. Vidonge vya atovaquone na proguanil huanzwa siku 1 au 2 kabla na kuendelea siku 7 baada ya kutoka. Doxycycline huendelea wiki 4. Dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mpime nyumbani kabla ya miadi. Kosa la kawaida ni kuacha vidonge ndani ya ndege ya kurudi. Siku zile za mwisho ndizo zinazomaliza vijidudu ulivyoondoka navyo.

## Hatua ya 6: Fedha

Usitegemee kubadilisha krona ya Sweden Unguja. Beba dola au yuro kiasi. Noti za dola ziwe mpya, zisizochanika wala kuandikwa. Noti za zamani hukataliwa au hupunjwa, na za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko ndogo.

Tanzania ilitoa kanuni Machi 2025 zinazokataza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo matumizi ya kila siku yawe ya shilingi. Mashine nyingi za benki hutoa hadi shilingi 400,000 kwa mara moja, na kila mara kuna ada. Toa mjini kabla ya kwenda shamba, yaani nje ya mji. Mashine ikikuuliza kama unataka ihesabu kwa krona, kataa: kiwango hicho ni cha mwenye mashine.

## Hatua ya 7: Mizigo, hasa koti

Tatizo la Stockholm ni kwamba unaondoka nyuzi 5 chini ya sifuri na kushuka kwenye 31 zenye unyevu. Usibebe koti zito. Vaa fulana, sweta nyembamba, na koti jepesi la manyoya ya bata linalobanwa likaingia kwenye mfuko wake. Raba na soksi nene badala ya buti. Kituo cha treni cha Arlanda kiko chini ya uwanja wenyewe, kwa hiyo baridi utaionja kati ya mlango wako na treni tu. Weka koti hilo kwenye mzigo wa mkononi wakati wa kurudi. Sanduku likipotelea njiani, angalau hutatetemeka.

Vingine vinavyosahaulika:

- Adapta ya plagi ya miguu mitatu bapa. Plagi za Sweden za miguu miwili ya duara haziingii ukutani Unguja. Umeme wenyewe ni ule ule wa volti 230.
- Pawabenki, mkononi tu, isiyozidi Wh 100, yaani karibu mAh 27,000.
- Mafuta ya kinga ya jua namba 50 na fulana za mikono mirefu za kuogelea. Kisiwa kiko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Ngozi iliyokaa gizani miezi minne huungua, nyeusi nayo.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti kwa ajili ya mjini na vijijini. Mweleze mwenzako kabla, si akiwa tayari Darajani na kaptura.
- Dawa zenu ndani ya pakiti zake, na cheti cha daktari.

Mifuko ya plastiki ya dukani iache. Imepigwa marufuku.

## Hatua ya 8: Saa, gari na siku ya kwanza

Majira ya baridi Unguja iko mbele ya Stockholm kwa saa mbili, hivyo miili haipati taabu. Taabu ni saa ya Kiswahili. Tiketi ya boti ikiandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi. Lakini dereva akikwambia kwa simu "saa tatu", na mwenzako akasikia tatu na kuandika 15:00, mmekosana kwa saa sita. Thibitisha kwa ujumbe: "saa tatu asubuhi, yaani 09:00".

Patana bei ya teksi kabla mizigo haijaingia kwenye buti. Ukikodi gari, mwenye leseni ya nje anahitaji kibali cha Zanzibar. Mwenye gari hukushughulikia, na polisi barabarani watakiuliza. Magari huenda kushoto. Hatari kubwa kwa aliyezoea Sweden ni kugeuka kulia kwenye njia panda tupu, pasipo na gari la kumkumbusha.

Siku ya kwanza msipange chochote. Maji ya chupa, kivuli, kulala mapema chini ya chandarua.

## Hatua ya 9: Kurudi na kilichomo sandukuni

Forodha ya Ulaya ina mpangilio wa ajabu kidogo. Nyama hairuhusiwi hata iliyokaushwa, wala maziwa, jibini na samli ya bibi. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, wabichi wakiwa wametolewa matumbo, au wakavu. Kwa hiyo dagaa wapite, vibanzi vya nyama vibaki.

Matunda matano yanaingia bila cheti cha afya ya mimea: ndizi, nazi, nanasi, tende na doriani. Embe halimo, litachukuliwa. Doriani ni halali kisheria, lakini abiria wenzako hawajasoma sheria hiyo. Viungo vikavu vifungwe vizuri. Makombe, matumbawe na magamba ya kasa msiguse.

Thamani ya vitu vya zawadi isizidi yuro 430 kwa mtu mzima anayefika kwa ndege.

Mkishafika nyumbani, bandika ratiba ya vidonge vya malaria kwenye friji mpaka viishe. Mtu yeyote akipata homa ndani ya miezi mitatu, aende hospitali siku hiyo hiyo na sentensi ya kwanza iwe kwamba alikuwa Zanzibar, aombe kipimo cha malaria. Asipoitaja safari, Februari ya Stockholm daktari atafikiria mafua kwanza.